Lori la Dizeli Linatoa Moshi na Halivuti: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Malori mengi ya mtumba yanayoletwa gereji hapa Malindi kwa sababu ya moshi na kukosa nguvu huwa yameshafunguliwa pampu ya dizeli tayari. Mwenye gari aliambiwa ni nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli, akalipa. Akaambiwa basi ni pampu, akalipa tena. Moshi uko palepale, na mzigo wa chumvi unangoja Gongoni.

Kinachokosewa ni mpangilio wa kazi. Watu huanza na kilicho ghali, ilhali visababishi vingi viko mahali ambapo tochi na spana mbili zinatosha. Kwa hiyo tutafuata mpangilio mmoja: hewa kwanza, dizeli ya pili, mwili wa injini wa tatu, pampu mwisho kabisa.

Sharti lingine moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu gari. Ukibadilisha filta, nozeli na mpira siku moja na moshi ukapungua, hutajua ni kipi kilichotibu. Tatizo likirudi, utaanza upya.

## Vifaa vya kutayarisha

- Tochi kali, spana za namba 8 hadi 19, bisibisi na koleo.
- Kitambaa cheupe cha pamba, vipande vitatu au vinne.
- Chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, safi na kavu.
- Mtungi safi wa lita 20, na dizeli lita 10 kutoka kituo unachokiamini.
- Mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, mita tatu au nne, pamoja na klipu zake.
- Filta mpya ya dizeli. Ya hewa usinunue bado.
- Maji ya sabuni na brashi ndogo.
- Glavu nene na miwani ya kukinga macho.
- Ubao bapa mgumu unaoweza kuziba mdomo wa bomba la kuingiza hewa.
- Daftari, na mtu wa pili. Utingo wako anatosha, mradi asikilize.

## Kabla hujagusa chochote

Injini za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 4D33 na 4D34 za Canter au 4HF1 ya Isuzu, unaweza kuzilegeza mabomba ya nozeli kwa uangalifu. Injini za komoni reli, ambazo bomba moja la presha kubwa hulisha nozeli zote, kama 4HK1 ya Isuzu na 4P10 ya Canter, usizilegeze bomba la presha hata moja injini ikiwa inanguruma. Presha yake inapita bar 1,000 na dizeli hiyo inapenya ngozi. Mtu akidungwa, hata kama tundu ni dogo na hasikii maumivu, apelekwe hospitali saa ileile na aseme wazi kwamba amedungwa dizeli kwa presha. Akingoja hadi jioni anaweza kupoteza mkono.

Ule ubao bapa ni wa hatari nyingine. Tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini, ikifa inaweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, injini ikaanza kuila oili hiyo na kukimbia yenyewe hata ukizima swichi. Dawa yake ni kuinyima hewa: bana ubao kwenye mdomo wa bomba la hewa mpaka inyamaze. Usitumie kiganja wala nguo. Kiganja kitavutwa, na nguo itamezwa.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Kebini ikiinuliwa, hakikisha kile chuma cha kuizuia kimekaa sawasawa kabla hujaingiza kichwa.

## Hatua ya 1: Soma moshi gari likiwa baridi

Ukienda kununua lori, fika asubuhi na mapema na uguse injini kabla ya kusalimiana kwa kirefu. Ikiwa ina joto, muuzaji ameshaiwasha, na moshi wa kwanza, ambao husema mengi kuliko wote, umeshapotea. Omba urudi kesho yake.

Tazama moshi mara nne: wakati wa kuwasha, injini ikiwa polepole baada ya kupata joto, ukikanyaga ghafla gari likiwa limesimama, na likipanda mlima na mzigo. Kwa jaribio la mwisho, mwinuko wa barabara inapotoka kwenye bonde la Mto Sabaki kuelekea Mambrui unafaa. Mtu asimame juu, kando ya barabara, apige video kwa simu.

Kisha shika kitambaa cheupe kwa koleo, kiasi cha shubiri moja kutoka mdomo wa bomba la moshi, kwa dakika moja.

Moshi mweusi, kitambaa kikiwa na masizi makavu: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kumbuka kwamba mara nyingi dizeli haijazidi. Hewa ndiyo iliyopungua.

Moshi mweupe, kitambaa kikiwa kimelowa na kunuka dizeli: mafuta yanatoka bila kuungua. Kikilowa maji matupu na kukauka bila doa, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Moshi wa buluu, kitambaa kikiwa na madoa ya mafuta mazito: injini inachoma oili.

Hakuna moshi wala nguvu: dizeli haifiki ya kutosha, au injini ni nzima na kuna kitu kinalishika gari.

Mambo mawili ya hapa kwetu yanabadilisha hesabu. La kwanza ni joto. Mafundi wa bara husamehe moshi mweupe wa asubuhi kwa sababu ya baridi. Malindi hata Julai alfajiri si baridi ya kumtesa dizeli. Moshi mweupe ukiendelea baada ya dakika mbili tatu, usikubali kisingizio hicho.

La pili ni usawa wa bahari. Hapa hewa ni nzito kuliko popote lori lako litakapofika. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, hewa hupungua kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Lori linalotoa moshi mweusi Malindi litazimia kwenye milima ya bara. Na ukinunua lori Nairobi likatoa moshi mweusi kidogo tu kwenye mlima, lilete chini kwanza kabla ya kulihukumu.

Andika yote kwenye daftari: rangi, wakati, gia, mzigo. Bila maandishi hayo hatua zinazofuata ni kubahatisha.

## Hatua ya 2: Hakikisha injini ndiyo yenye kosa

Endesha kilomita kumi bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki imeshika. Malori ya chumvi yana ugonjwa huu kila wakati, kwa sababu kutu hugandisha pistoni za breki.

Klachi: weka gia kubwa ukiwa kwenye mwinuko, kanyaga. Injini ikipandisha mlio na mwendo usiongezeke, klachi inateleza.

Halafu pedali, jambo linalorukwa na karibu kila mtu. Zima injini. Utingo akanyage mafuta hadi mwisho, wewe utazame ule mkono wa pampu unaovutwa na waya. Lazima ugonge kizuizi chake cha mwisho. Ukibaki na nafasi ya upana wa kidole, lori lako halijawahi kupewa mafuta yote tangu waya uliporefuka, au tangu mtu alipotandika zulia nene chini ya pedali. Kaza waya, toa zulia, ujaribu tena. Kuna malori yaliyouzwa kwa bei ya kutupa kwa kosa hili peke yake.

## Hatua ya 3: Hewa inayoingia

Hapa ndipo nakusihi utumie muda. Injini ya dizeli inayonyimwa hewa ni mtu anayepanda ngazi na gunia huku amefungwa leso puani.

Toa filta ya hewa. Weka tochi upande wa ndani, utazame kutoka nje. Mwanga usipoonekana, filta imekufa. Malori yanayobeba mawe ya matumbawe huziba upesi kuliko kitabu kinavyosema: vumbi la machimboni ni jeupe, laini, na huganda likipata unyevu wa bahari. Kupuliza kwa hewa ya kompresa kutoka ndani kwenda nje kunasaidia mara moja mbili. Filta ya karatasi isioshwe kamwe.

Jaribio la haraka: gari likiwa limesimama mahali pasipo na vumbi, washa bila filta, kanyaga mara tatu, linganisha na video ya mwanzo. Moshi mweusi ukipungua waziwazi, sasa ndiyo ununue filta. Usiendeshe barabarani bila filta hata kwa safari fupi. Vumbi la matumbawe linakwangua silinda.

Fuata njia nzima ya hewa kutoka nyuma ya kebini. Pale kebini inapokutana na chasisi pana mpira wenye mikunjo, kwa kuwa kebini hizi huinuliwa. Mpira huo hupinda vibaya kebini inaposhushwa, ukaziba nusu ya njia. Tazama pia kama nyigu wamejenga ndani ya bomba. Lori lililolala kwa muda mrefu huwa na wapangaji.

Sasa ingiza kidole safi ndani ya bomba lililo baada ya filta, upande unaokwenda injini. Ukitoa kidole kikiwa safi, vizuri. Kikitoka na vumbi jeupe, injini imekuwa ikila mchanga kupitia mpira uliopasuka au filta isiyokaa sawa. Jambo hilo huwezi kulirekebisha kwa kubadilisha filta. Liandike, maana litatokea tena kwenye hatua ya 8. Kama ndiyo kwanza unanunua, jadili bei ukiwa na kidole hicho mbele ya muuzaji.

## Hatua ya 4: Tabo na mipira ya presha

Injini isiyo na tabo, kama 4D33, iruke hatua hii.

Hewa inayotoka kwenye tabo hupita mipira minene na intakula, yaani kipozeo cha hewa hiyo, hadi injini. Mpira ukipasuka, dizeli inaendelea kuja kama kawaida, hewa inavujia nje: moshi mweusi, nguvu hakuna, na mara nyingi mlio wa kupuliza unapokanyaga.

Ugumu ni kwamba ufa haujionyeshi injini ikiwa imezimwa. Mzee mmoja wa Gongoni alileta Canter yake ya chumvi akiwa ameshalipia nozeli nne.

"Mwanangu, niambie ukweli, injini imekufa?"

"Mzee wangu, lete mkono wako hapa chini kwanza."

Nikamwekea vidole vyake chini ya mpira wa tabo, upande usioonekana, nikaukunja mpira kidogo. Ufa ukafunguka chini ya vidole vyake, mrefu kama kiberiti, kingo zake zimelainika kwa oili. Nilipoachia ukajifunga, huwezi kuuona hata kwa tochi. Klipu iliyoushika ilikuwa imeliwa na chumvi hadi ikabaki nusu ya upana wake.

Kwa hiyo usitazame tu: kunja kila mpira, uzungushie vidole, hasa upande wa chini. Kisha kagua klipu. Kwenye malori ya chumvi, klipu za chuma cha kawaida zitoe zote uweke zisizoshika kutu.

Ukitaka uhakika, ziba njia ya kuingilia tabo, ingiza hewa ya kompresa isiyozidi psi 15, na upake maji ya sabuni kila kiungo pamoja na intakula. Povu litakuonyesha. Usizidishe presha. Mpira mzima nao utapasuka.

Tazama na ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, kwenda kwenye pampu. Kazi yake ni kuiambia pampu kwamba hewa imeongezeka, basi ongeza dizeli. Ukikatika, lori halivuti na moshi hautoki. Fundi asiyeujua atafungua pampu nzima kwa ajili ya mpira wa nusu mita.

Tabo yenyewe: injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika kile chuma cha katikati. Kuchezacheza kidogo sana kwenda kando ni kawaida. Kikisogea kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza ukuta, tabo imekwisha. Oili kidogo kwenye bomba si msiba. Oili iliyotuama ni msiba, na hapo uwe na ubao wako karibu.

Ukifaulu: kwenye mwinuko uleule, gia ileile, moshi mweusi unatokea kama pumzi moja unapokanyaga kisha unasafika, na gari linavuta bila kushuka gia.

## Hatua ya 5: Njia ya moshi kutoka

Fupi lakini usiiruke. Malori mengi ya Kijapani yana breki ya ekzosti: kipande cha chuma kinachozunguka ndani ya bomba la moshi kuliziba unaposhuka mlima. Kutu ikikishika kikiwa kimefungwa nusu, injini haiwezi kutoa pumzi. Tafuta mkono wake chini ya kebini, utingo awashe na kuzima swichi, uone ukienda na kurudi wote. Kisha gonga sailensa kwa nyundo ya mpira. Ikiita kama ina vipande ndani, imeporomoka.

Kwenye injini mpya zaidi zenye valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, toa bomba lake utazame masizi. Yakiwa yamejaza njia, yasafishe kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Dizeli, kutoka tangi hadi pampu

Unyevu wetu ni adui wa tangi. Lori likilala na tangi nusu, hewa yenye mvuke huingia mchana, usiku hugeuka matone kwenye kuta, na matone hushuka chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Juu ya maji hayo huota ukungu mweusi wa utelezi ambao huziba chujio. Kujaza tangi jioni ni kinga bora kuliko dawa yoyote ya kumimina.

Kwanza sampuli. Asubuhi kabla gari halijatikiswa, fungua kizibo cha chini cha tangi, chota kwenye chupa ya kwanza. Chota ya pili kutoka chini ya filta. Ziweke kwenye jua nusu saa. Dizeli nzuri ni angavu, unaona vidole upande wa pili. Mstari chini ni maji. Ukungu mzima wa chupa ni maji yaliyochanganyika. Nyuzi nyeusi ni ule uchafu unaoota.

Harufu ya mafuta ya taa ikiwa kali, kuna mchanganyiko. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa makusudi ili yasichanganywe na dizeli, lakini mafuta ya mtungi ya kando ya barabara hayana anayeyapima. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vyuma vya pampu. Nguvu hupungua leo, pampu hufa baadaye.

Kifuniko cha tangi. Kama lori huanza vizuri, likachoka baada ya kilomita kadhaa, kisha likapona likipumzishwa, lifungue kifuniko mara tu linapochoka. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Lisafishe, umemaliza.

Badilisha filta ya dizeli, toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ujaribu gari.

Jaribio la mtungi. Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote katika mwongozo huu, kwa kuwa linamaliza ubishi. Funga mtungi wa dizeli safi mahali palipo juu kuliko pampu, mbali na bomba la moshi. Chomoa bomba linalotoka tangini, unganisha mpira wako unaoonyesha ndani kutoka mtungini. Bomba la kurudisha mafuta nalo lielekeze mtungini, la sivyo mtungi utakauka ukidhani gari linabugia. Toa hewa, washa, endesha polepole uwanjani kisha kwenye mwinuko mfupi, utingo akiulinda mtungi.

Gari likipata nguvu, injini na pampu yako ni nzima: kosa liko tangini, kwenye chujio la bomba la kunyonya, au kwenye bomba lililoliwa na kutu. Lisipobadilika, upande wa tangi umesafika, usirudi huko tena.

Jaribio hilo likiisha, hamishia ule mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya kawaida, kabla ya pampu. Viputo vikipita mfululizo, kuna mahali hewa inaingia. Kagua viungo na vioshi vya shaba, zile pete bapa za kuziba. Tundu la kuingiza hewa si lazima livujishe dizeli, hivyo usitafute umajimaji tu.

## Hatua ya 7: Nozeli moja baada ya nyingine

Kwa injini za pampu ya kawaida pekee. Za komoni reli zipimwe kwa mashine ya kompyuta.

Vaa miwani na glavu. Injini ikiwa polepole, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza nusu mzunguko, ufunike kwa kitambaa, usikilize. Silinda nzima ikinyimwa mafuta, mlio hubadilika na injini hutetemeka. Kaza, nenda ya pili. Ile ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa. Na ukilegeza moja moshi ukakoma, umempata anayetoa moshi.

Toa nozeli hiyo tu na kioshi chake cha shaba. Masizi meusi kuzunguka kiti chake yanaonyesha presha ilikuwa ikivuja, na kioshi kipya kinaweza kutosha. Kama una shaka, ibadilishane na ya silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, nozeli ndiyo. Tatizo likibaki, silinda ndiyo, na kununua nozeli hakutasaidia.

Nozeli zinazopimwa kwenye mashine zinyunyize ukungu mwembamba uliosawa, zikate ghafla, na zisidondoshe tone. Simama pale uone kwa macho yako.

## Hatua ya 8: Injini inapumua kiasi gani?

Injini ikiwa na joto na polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo, presha inapita ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili. Kwanza hakikisha bomba la kupumulia halijaziba, na oili haijajazwa kupita kipimo, maana hayo mawili huiga injini iliyochoka.

Wakati wa moshi wa buluu unaeleza chanzo. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukaisha, ni sili za valvu. Ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko, ni valvu na miongozo yake. Ukitoka daima, na zaidi kwenye mzigo, ni ringi. Ukitoka pamoja na oili kwenye mipira ya hewa, rudi kwenye tabo, ukakague na bomba linalorudisha oili yake.

Halafu tapeti, yaani nafasi za valvu, zipimwe kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, injini ikiwa katika hali ambayo kitabu kinataka. Mwisho, presha ya silinda ipimwe kwa geji ya dizeli. Usitumie ile ya petroli, itapasuka. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Zote zikikaribiana kuna matumaini, moja ikiachwa mbali, kazi iko hapo. Mimina oili vijiko viwili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi ya hedi.

Jihadhari na muuzaji aliyeweka oili nzito au dawa ya kuongeza uzito. Huficha moshi wa buluu kwa muda. Chomoa kijiti: oili inayoshuka kama asali kwenye injini ya moto imewekwa kwa kusudi hilo.

## Hatua ya 9: Maji

Vitabu vinasema maji ya rejeta yakiungua hunuka utamu. Harufu hiyo ni ya glaikoli, dawa ya kuzuia kuganda inayochanganywa na maji, na malori yetu mengi yana maji ya kisima matupu. Usingoje harufu.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza, washa. Viputo vikija mfululizo kabla injini haijapata joto, gesi inapita gasketi, au hedi imepasuka. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu ndani ya dakika mbili, jibu ni hilohilo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa: zima, usiwashe tena.

Ukishatengeneza, acha kutumia maji ya kisima ya chumvichumvi. Yanakula hedi na silinda kutoka ndani, na gasketi mpya itafuata ya zamani.

## Hatua ya 10: Sasa pampu

Umefika hapa hewa ikiwa safi, jaribio la mtungi halijabadilisha kitu, nozeli zimepimwa, presha ya silinda ni nzuri. Sasa unayo haki ya kuishuku pampu.

Tazama sili ya waya kwenye skrubu ya kiwango cha mafuta. Ikiwa imekatwa, kuna aliyeongeza dizeli ili gari livute siku ya kuuzwa. Moshi mweusi na joto kupita kiasi ndiyo matokeo, na dawa ni kurudisha kipimo kwenye mashine. Usikizungushe kwa kukisia.

Kabla ya kuing'oa, fundi akague taimingi, yaani wakati pampu inapopiga dizeli. Pampu iliyochelewa hutoa moshi mweupe wa kijivu, gari likawa zito na likachemka. Iliyotangulia hugonga kwa ukali. Kurekebisha taimingi ni kazi ya saa chache. Pampu ikibidi kutoka, iwekewe alama mahali ilipokaa na mabomba yote yazibwe midomo.

Ipeleke kwa mwenye mashine ya kupimia, na umdai mambo matatu: karatasi ya vipimo kabla ya kazi, karatasi ya vipimo baada ya kazi, na vipuri vya zamani mkononi mwako. Linganisha kiasi cha dizeli cha kila silinda kwenye karatasi ya pili. Vinapaswa kukaribiana. Asiyeweza kukupa karatasi ya kwanza usimwachie pampu.

Ikirudi na kufungwa, rudi Sabaki na mzigo uleule, gia ileile, mtu wako juu ya mwinuko na simu, na uziweke video mbili sambamba kabla hujamalizia malipo.